Jifunze kutua kabla ya kupaa: mwongozo wa droni ndogo ya kamera kwa anayeanza Lubumbashi

Ukienda siku hizi kuzungumza kazi ya harusi hapa Lubumbashi, mwenye sherehe hakuulizi kwanza kamera yako ni ya aina gani. Anauliza: "Muko na droni?" Ukijibu hapana, anaanza kutazama simu yake kama mtu aliyekumbuka jambo lingine. Ndiyo maana vijana wengi wa picha wananunua droni Jumanne, na Jumamosi wameshaipandisha juu ya hema la wageni mia tatu, wakati hata kuigeuza bado hawajui.

Mimi nilibakiza wiki moja tu niwe mmoja wao. Kilichoniokoa ni mkaratusi, na huo nitausimulia mbele.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kupaa hakuna ufundi. Droni za leo unabonyeza alama kwenye simu, inanyanyuka mita moja na kitu, inasimama hewani yenyewe na kukusubiri. Mtoto wa miaka sita anaweza. Ufundi uko kwenye kuirudisha chini, mahali ulipotaka, ikiwa nzima, betri ikiwa bado na akiba, na bila kumwangukia mtu. Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kinyumenyume: karibu kila zoezi lililomo ni la kutua.

Kabla hujatoa dola zako

Kama hujawahi kushika rimoti, anza na kitu kidogo. Droni ndogo iitwayo Tello ina uzito wa gramu 80, inaruka kama dakika 13, haina GPS, na unaweza kuifanyia mazoezi sebuleni ukishasogeza viti. Kwa kuwa haina GPS, inaelea kidogo na kukulazimisha kuishika, na hilo kwa mwanafunzi ni faida. Ukiigonga ukutani inaanguka, unaiokota, unaendelea.

Kwa kazi yenyewe, wengi hapa wanatumia droni za Mini za kampuni ya DJI. Zina uzito wa gramu 249 hivi na zinakunjika zikaingia mfuko wa koti. Mini 2 imeandikwa dakika 31 za kuruka, lakini hizo ni za kiwandani, bila upepo. Hapa kwetu hesabu dakika 20 za kazi. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo propela zinalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule. Mtu wa Dar es Salaam akikuambia betri yake inakaa muda mrefu kuliko yako, usimwite mwongo.

Ukinunua iliyotumika, kagua vitu vitatu. Betri: ilaze mezani, kama inayumba imevimba, iache. Propela: pitisha kucha pembeni mwake, ukihisi hata pengo dogo hesabu gharama ya kubadilisha zote. Mkono unaoshika kamera: washa droni, uinamishe taratibu huku na huku, picha kwenye simu ibaki imenyooka. Ikitetemeka, mwenye nayo alishaiangusha, hata akiapa kwa jina la mama yake.

Na nunua betri tatu, si moja. Kwa betri moja utakuwa unatumia saa nzima ya njia kwa mazoezi ya dakika 20.

Karatasi, kisha watu

Anga ya kiraia ya Kongo inasimamiwa na Autorité de l'Aviation Civile, ile tunayoiita AAC. Viwanja vya ndege na wale wanaoongoza ndege angani wako chini ya Régie des Voies Aériennes, RVA. Andika barua ya kuomba ruhusa kabla ya kurusha: aina ya droni, uzito, namba yake ya kiwandani, mahali, siku, saa, urefu utakaofika, na kazi unayokwenda kufanya. Ukipata jibu, lichape, lipige mhuri, litembee nawe. Ruhusa ya mdomo ya rafiki wa binamu yako haionyeshwi kwa askari.

Usidanganywe na ile namba ya gramu 249. Kiwango cha gramu 250 kimewekwa na sheria za Marekani na Ulaya ili kupunguzia watu wao masharti. Askari wa hapa hana mzani mfukoni.

Kuna sehemu ambazo hata uwe na karatasi ya aina gani, mwanafunzi hazisogelei: uwanja wa ndege wa Luano na njia zote ndege zinakoshukia, kambi za jeshi, gereza la Kasapa, ofisi za serikali, mipaka, na migodi. Najua unachofikiria. Kila anayenunua droni Lubumbashi anataka picha ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima wake mweusi wa makapi ya shaba. Ile ni sehemu ya kazi ya madini, si mandhari ya bure. Na tena lile bomba lina mita 153: nchi nyingi zinamwekea mrushaji mdogo mwisho wa mita 120, maana yake ukiwa umepanda mpaka mwisho huo bado unatazama bomba kutoka chini.

Baada ya karatasi, watu. Tangu vita vya mashariki, neno droni kwa wengi lina maana ya bomu. Nenda kwa shefu wa kartié, yaani mkuu wa mtaa, siku moja kabla, na droni yako mkononi, aione ilivyo ndogo, aishike. Waeleze na majirani wa kiwanja. Siku moja nilirusha bila kufanya hivyo, mita 15 tu juu, na mama mmoja akatoka nje na kitenge kifuani na povu la sabuni masikioni.

"Mutoto yangu, ile ndeke yako inaangalia nini mu parseli yangu?"

Nilishusha, nikamwonyesha kwenye simu nilichokuwa nimerekodi: paa, mpera, na kona ya bafu lake lisilo na paa. Nilifuta mbele yake. Hakunitukana. Alisema tu, "Kesho piga hodi," na akaingia kumaliza kuoga. Tangu siku hiyo, kamera yangu naielekeza barabarani mpaka droni ivuke paa za watu.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza

Hii fanya nyumbani, kwenye intaneti nzuri. Droni mpya haipai mpaka iamshwe kwa intaneti, na mara nyingi inataka kupakua programu mpya ambayo inameza megabaiti zako zote. Nimeona kijana amepanda taksi-moto mpaka shambani, amefika, skrini inamwambia apakue, simu haina hata mtandao. Akarudi.

Chaji betri zote, rimoti, na simu. Watu wengi wanasahau simu, na simu ndiyo skrini yako. Futa kadi ya kumbukumbu ndani ya droni yenyewe. Ifungue droni mikono yote, toa kifuniko cha kamera, na uangalie propela zimekaa sawasawa: mbili zinazunguka kulia, mbili kushoto, na zimewekewa alama ili usizichanganye. Ukizichanganya, droni haitapaa, itapinduka chali kama kombamwiko.

Kisha ingia kwenye mipangilio uweke urefu wa juu mita 30 na umbali mita 50. Huo ndio ua wako kwa wiki mbili za kwanza. Utakuja kuupanua mwenyewe.

Kiwanja na saa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndiyo, mapema hivyo. Upepo bado umelala, watoto bado wamelala, na jua halijakuwa kali kiasi cha kukuzuia kuona skrini. Saa tatu ikifika utakuwa na watazamaji arobaini, na mmoja wao atataka kuidaka.

Kiwanja cha mpira cha mtaa kinafaa ikiwa hakina nyaya za umeme pembeni. Bora zaidi ni shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, upande wa njia ya Kipushi, kabla hujaukaribia mji wenyewe. Kule mbele kuna mgodi, na mpaka wa Zambia uko hapohapo. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mvua, mashamba yako wazi, na vichuguu vinakupa kitu cha kupigia picha. Shida ni vumbi. Lile vumbi letu jekundu linaingia kwenye mota na linasaga kama msasa. Usipaishe wala kutua kwenye udongo mtupu. Mimi nabeba zulia la mpira la gari, lile la miguuni kwa dereva: ni zito, upepo haulibebi, na linaoshwa.

Kaa mbali na magari, mabati na zege. Ndani ya droni kuna dira, na chuma kinaivuruga. Programu ikikuomba uisawazishe dira, shika droni mlalo ujizungushe nayo duara zima, halafu isimamishe pua chini, zunguka tena. Toa funguo na simu ya pili mfukoni. Usiifanyie kazi hiyo juu ya sakafu ya zege yenye nondo, utakuwa umeifundisha uongo.

Vijiti viwili

Kijiti cha kushoto: mbele inapanda, nyuma inashuka, pembeni inageuza pua. Cha kulia: mbele inaenda mbele, nyuma inarudi, pembeni inateleza ubavu. Huo ndio mpangilio uliozoeleka na droni nyingi zinakuja hivyo.

Shika kila kijiti kwa kidole gumba na cha shahada pamoja, kama unavyobana chumvi. Gumba peke yake linaruka. Swichi ya mwendo iache kwenye N, mwendo wa kawaida. Ile S, mwendo wa kasi, usiiguse mwezi mzima. Na jambo moja la kushika moyoni: ukishikwa na hofu, achia vijiti vyote viwili. Virudi katikati vyenyewe, droni itasimama palepale ilipo. Mwanafunzi anayeogopa huwa anafanya kinyume, anasukuma zaidi.

Betri sita za kwanza

Betri ya kwanza: kupanda na kutua, basi. Weka droni kwenye zulia, mkia ukielekea kwako, rudi nyuma hatua sita. Washa, subiri setelaiti zifike 10 au zaidi na programu iseme imeandika mahali pa nyumbani. Panda mita 3. Usisimame mita moja, maana pale upepo wa propela unagonga ardhi na kurudi, droni inatetemeka na wewe unatetemeka nayo. Tulia, hesabu mpaka thelathini. Gusa kijiti cha kulia kidogo, achia, uone inavyojishika breki. Halafu shusha kwa mkono wako, polepole, mpaka iguse zulia, na ukishikilie kijiti cha kushoto chini kabisa mpaka propela zizime. Panda tena. Mara kumi. Inachosha, najua.

Betri ya pili: mraba. Jaza mchanga chupa nne za maji, zipange kwa umbali wa mita 10. Pitia juu ya kila chupa, mkia ukibaki kwako muda wote. Tua. Rudi kinyume.

Betri ya tatu: ubavu. Igeuze pua itazame kushoto kwako. Sasa ukisukuma kijiti cha kulia mbele, inakwenda kushoto kwako. Ubongo utakataa. Acha ukatae, nenda hivyohivyo, polepole, halafu geuza upande wa pili.

Betri ya nne ndiyo shule yenyewe, na hapa nitakawia. Geuza droni ikutazame uso kwa uso. Kila kitu cha pembeni kimepinduka: kulia kwake ni kushoto kwako. Ajali nyingi nilizoziona, pamoja na moja yangu ndogo, zilitokea droni ikirudi kwa mwenyewe: inaelekea kwenye mti, mtu anavuta upande anaoutaka yeye, na ndiyo anaipeleka mtini. Kuna hila moja ya watu wa ndege za mfano inayosaidia kuliko maelezo yote. Fikiria ukuta wa matofali mabichi unaoinama. Utaweka nguzo wapi? Upande unakoangukia. Basi droni ikikutazama na inateleza kwenda kushoto kwako, sukuma kijiti cha kulia kushoto, kama unaweka nguzo upande ule. Itasimama. Ikiteleza kulia, nguzo kulia. Usifikirie kulia kwa nani na kushoto kwa nani, fikiria ukuta.

Nilimfundisha hivyo mdogo wangu mmoja anayepiga picha za muziki, kijana wa Katuba ambaye baba yake ni mwashi. Alikuwa ameshindwa asubuhi mbili. Nilipomtajia ukuta alicheka, akasema, "Yaya, ungeniambia ivi toka juzi." Betri ileile aliishusha kwenye zulia uso kwa uso mara saba kati ya kumi.

Ukifika mara nane kati ya kumi, endelea. Chini ya hapo, rudia betri ya nne, hata kama ni siku tatu.

Betri ya tano: namba nane. Chupa mbili, mita 15 kati yake, droni izunguke moja kulia na ya pili kushoto, pua ikitangulia. Hapo vijiti viwili vinafanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza, na utaona kila pembe imerudi kwa zamu yake: mkia, ubavu, uso.

Betri ya sita: mwambie mwenzako afunike simu yako kwa kofia. Droni iko mita 30 juu na mita 50 mbele. Irudishe kwa macho tu na uitue. Wengi wanaijua droni yao kupitia skrini, siku skrini inapokatika wanakuwa vipofu. Na skrini inakatika: simu inapata joto na kuzima, waya unachomoka, au mtu anakupigia katikati ya kazi. Ukitaka kujua inatazama wapi ikiwa mbali, sukuma kijiti cha kulia mbele kidogo uone inakwenda upande gani. Basi, umeshajua pua iko wapi.

Kitufe cha kurudi nyumbani, na ule mkaratusi

Rimoti ina kitufe ambacho ukikishikilia droni inarudi yenyewe mahali ilipopaa. Nacho ndicho kilichonifanya niangushe ya kwangu.

Ilikuwa asubuhi, nyuma ya ukuta wa shule, wiki moja kabla ya harusi yangu ya kwanza yenye droni. Nilikuwa nimeipeleka kama mita 200, jua likaniingia machoni, sikujua tena inatazama wapi. Nikabonyeza kitufe. Rimoti ikaanza kulia pi-pi-pi, nikashusha pumzi, nikaachia vijiti, hata nikageuka kumwambia mwenzangu kwamba teknolojia ni kitu kizuri. Droni ilipanda mpaka mita 20 kama nilivyoipangia, ikanyoosha moja kwa moja kuja nyumbani. Kati yake na mimi ulikuwepo mkaratusi wa mita 25 au zaidi. Nilisikia krrr, halafu majani yakaanza kushuka taratibu. Kijana mmoja alipanda kuishusha kwa fransi elfu tano. Propela mbili zilikatika na mkono wa kamera ulipinda. Harusi niliipiga kwa kamera ya mkononi, na mwenye sherehe nilimrudishia sehemu ya pesa.

Kitufe hakina macho. Droni inapanda mpaka urefu uliouandika, halafu inakuja kwa mstari ulionyooka, chochote kiwepo. Mini 2 haina kihisi cha mbele. Mini 3 ya kawaida pia haina. Mini 4 Pro inaona pande zote, lakini tawi jembamba na waya wa umeme usivitegemee hata kwa hiyo. Basi kabla ya kila kuruka, tazama kitu kirefu kuliko vyote kinachokuzunguka, kikadirie, ongeza mita 15, andika urefu huo. Pale kwenye mikaratusi mimi naweka mita 50. Jua pia kwamba ikiwa iko karibu nawe, mita 20 au pungufu, aina nyingine hazipandi kwanza, zinakuja kwa urefu uleule zilipo.

Zoeza na kukikatisha. Ibonyeze kurudi, iache ije nusu ya njia, bonyeza tena, ishike mwenyewe. Ungekuwa umefanya hivyo mara tano kabla, mkono ungejua la kufanya siku ya mti. Wangu haukujua.

Na usipaishie ukiwa umesimama kwenye pickup au mtumbwi halafu uondoke: nyumbani ni pale ilipopaa, haikufuati. Juu ya maji vihisi vya tumboni vinachanganyikiwa, kwa hiyo pale ziwani mjini panda kutoka nchi kavu na ukae mita kadhaa juu ya maji.

Upepo, mwewe, na baridi ya Juni

Nenda kwanza kinyume na upepo, urudi nao ukikusukuma mgongoni. Ukifanya kinyume, utajikuta betri iko asilimia 25 na droni inapiga kasia hewani bila kusogea. Mini 2 imepimwa kuhimili upepo wa mita 10.5 kwa sekunde, na huko juu upepo ni mkali kuliko unaousikia usoni. Agosti na Septemba vumbi likianza kuzunguka kiwanjani, funga mkoba.

Betri ikifika asilimia 30, unarudi. Hakuna "nimalizie hii tu".

Mwewe akianza kuizunguka, usikimbie naye mbele, hutamshinda. Panda wima kwa nguvu. Ndege hawezi kupanda wima kama droni. Akikata tamaa, rudi utue, upumzike nusu saa.

Asubuhi za Juni na Julai baridi yetu inatosha kuilegeza betri. Ziweke kwenye mfuko wa ndani wa koti njiani, na ukipaa ziache dakika moja zikisimama mita 3 zipate joto kabla ya kwenda mbali.

Picha

Hapa nitapita haraka, maana ukishajua kurusha, picha inakuja. Tumia video ya fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50. Kwa jua la kiangazi utahitaji kichujio cheusi cha lenzi, la sivyo kila kitu kinakuwa cheupe. Fanya mwendo mmoja kwa picha moja: ama inarudi nyuma ikipanda, ama inazunguka. Sekunde kumi bila kugusa kitu kingine. Mwenye kuchanganya kupanda, kugeuka na kuinamisha kamera kwa pamoja anawapa watazamaji kizunguzungu. Na harusini, usikae juu ya vichwa vya watu. Piga kutoka pembeni ya hema. Ukumbi unaonekana vizuri zaidi hivyo, na propela ikikatika haitaanguka kwenye sahani ya bukari ya shemeji.

Betri nyumbani

Betri ya lithiamu inataka kuheshimiwa. Ikitoka kazini ina joto. Iache ipoe nusu saa ndiyo uichaji. Jenereta ndogo inaruka volti, inaweza kuua chaja. Kama umeme umekatika, chaji kwa sola yenye betri au kwa benki ya umeme, Mini zinakubali. Usiichaji ukiwa umelala. Kama huirushi wiki nzima, ihifadhi ikiwa nusu, si imejaa wala tupu. Iliyovimba usiitoboe: iweke kwenye ndoo ya mchanga, nje.

Ukisafiri kwa ndege, betri zinaingia kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini. Kanuni za ndege zinaruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba. Ya Mini 2 ina 17 tu. Funika vichwa vyake vya chuma kwa utepe wa gundi.

Daftari

Nunua daftari la shule, lile la kurasa 48. Kila betri inapata mstari mmoja: tarehe, mahali, upepo, umepaa na asilimia ngapi na umetua na ngapi, na kilichokwenda vibaya. Ukurasa wangu wa juzi unasomeka hivi: "Shamba la njia ya Kipushi, saa 12:40. Betri 2, kutoka 100 hadi 31. Uso kwa uso, 9 kwa 10. Mwewe mmoja. Betri 3 inashuka haraka kuliko zingine, isiende harusini."